Maji ya Novemba

Mama amepiga simu kutoka Korogwe, akasikia ndoo.
"Mvua kubwa huko?"
Hapana, mama. Jua linawaka,
anga halina hata wingu la kufutia kioo.
"Basi maji hayo yametoka wapi?"
Ni ya Novemba, mama. Yalikuwa juu ya paa, yamekaa.
Kimya chake kikanifanya nijione mwongo.

Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe:
huyu alikaa siku mia na ishirini, hapa Marquette,
na aliyepewa beleshi ni mimi.
Nilizoa alfajiri kabla ya zamu, nikazoa usiku baada ya zamu,
hadi kiuno kikaanza kulalamika kwa Kizigua.
Yeye kajilaza juu ya nyumba kama mtu aliyelipa kodi,
kameza ngazi tatu za baraza,
kalikunja sanduku la barua likalala kifudifudi.

Sasa anaaga. Na anavyoaga!
Haondoki kwa mlango.
Anapenya kwenye upenu, chini ya vigae,
pale barafu ilipojijengea boma bila hodi,
anaingia darini, anatafuta msumari,
anashuka nao taratibu hadi kwenye taa ya jikoni.
To.
To.
Bakuli la taa limejaa. Nzi wawili wa kiangazi wanaelea.

Bi Eila Koskela wa nyumba ya pili, miaka themanini na mmoja,
alinionya Januari, kashika reki yake ya mpini mrefu:
"Kwangua paa, binti. Theluji haiui nyumba ikianguka.
Huiua ikiondoka."
Nilicheka. Nikapiga picha pembe za barafu zilizoota kwenye mchirizi,
nikawatumia wa nyumbani: tazameni, fuwele!
Fuwele ziko chini sasa, na mchirizi umezifuata,
unaning'inia kwa parafujo moja kama jino la mtoto.

Bwana wa bima amekuja, Lyle Beauchamp, buti safi.
Amegonga ukuta kwa kidole kama daktari agongavyo kifua;
plasta ikaitika laini, kama mkate uliolowa chai.
Ameandika: *kuchakaa*.
Kuchakaa ndiyo nini?
"Ni yale yanayotokea polepole."
Lakini bwana, nikasema, yote haya yalitokea polepole,
chembe moja, chembe moja, usiku tukiwa tumelala.
Akafunika kalamu.

Chini, kwenye chumba cha tanuri, maji yamefika kifundoni.
Pampu inakohoa, inatema, inakohoa.
Maboksi tuliyoyaweka "kwa muda" siku tuliyohamia yamefumuka.
Albamu ya harusi: kurasa zimegandana uso kwa uso,
mimi na Mhina hatutengani
hata kwa kisu.

Jioni Bi Eila ameleta ngazi, na mkate unaonukia iliki
kama maandazi ya asubuhi ya Idi.
Hakusema *nilikwambia*.
Ameshika ngazi, Mhina amepanda.

Na nje, lile rundo la pembeni mwa njia
linajisoma kutoka mwisho kurudi mwanzo:
chumvi na changarawe za Februari,
makaratasi ya fataki za mwaka mpya,
kisha, chini kabisa, glavu nyekundu ya Chiku,
ile niliyomgombezea hadi akalia.
Iko palepale alipoapa kwamba iko.
Ameiokota, ameikamua mbele yangu,
maji ya Desemba yakamwagika juu ya kiatu changu.
Hakusema kitu. Nami nikatafuta la kusema,
nikapata tu: njoo, mkono utapata baridi.

Usiku baridi imerudi kidogo. Matone yamekata.
Tumelala macho, wote watatu, tukisikiliza dari.
Ndoo tumeiacha ilipo.